Siku moja na betri za wavuvi wa dagaa, Igombe

Saa 11 alfajiri. Mitumbwi ya dagaa inaingia mwaloni. Nasomea uzamili wa nishati jadidifu Ujerumani, nimerudi Mwanza kukusanya data ya tasnifu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga: zamani karabai, siku hizi taa za LED na betri. Nasaidia kushusha betri na kuziandika namba kwa chaki. Sizipimi bado. Betri iliyotoka kazini lazima itulie kwanza, la sivyo kipimo kinadanganya.

Saa 3. Ya kwanza inasoma volti 11.8. Betri ya asidi ikijaa husoma kama 12.7, kwa hiyo hii imetumika kupita nusu kwa mbali. Ikikaa hivyo bila kujazwa, chumvi ya salfeti inagandamana kwenye bamba za risasi na uwezo wake unapungua bila kurudi.

“Betri za siku hizi feki, mwanangu,” ananiambia mzee mwenye mtumbwi.

Feki zipo. Lakini naomba tuangalie na paneli yake ya jua, inayoijaza betri mchana. Tunapiga hesabu mchangani: betri ya Ah 75 (ampea-saa, ujazo wake) mara volti 12 ni Wh 900 (wati-saa, nishati yote iliyomo). Akitumia nusu tu, ili asiichoshe betri ya asidi, 450. Paneli ya wati 50, kwa muda wa saa 5 za jua kamili, inatoa Wh 250, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye joto na waya. Yaani hata akijibana, betri inarudi ziwani na njaa kila jioni.

“Kwa hiyo niongeze paneli moja?”

“Mbili, mzee. Ziwe tatu.”

Saa 7 niko juu ya bati. Paneli imelazwa juu ya bati lenyewe, haipati hewa chini, haishikiki kwa moto. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inakula takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake. Tunaiinua kwa vipande vya mbao na kuiinamisha kidogo ili mvua iioshe. Huku karibu na ikweta haihitaji kusimama kama za Ujerumani.

Saa 10 jioni naongea na msimamizi wangu kwa simu. Anauliza kwa nini wasihamie betri ya lithiamu. Swali la haki, maana inavumilia kutumika zaidi ya nusu. Namweleza kwamba mwenye mtumbwi hununua betri kwa mauzo ya dagaa, na msimu wa mbalamwezi mauzo hupungua sana. Tumekubaliana jedwali la bei litangulie grafu zote, na paneli ipewe sura yake kwenye tasnifu.