Nguva wa leso

Nguva amekamilika leo alasiri, na furaha niliyo nayo hainiachi nilale kabla ya kuandika. Ni mwanasesere wa viganja viwili tu. Mgongo wake ni leso kuukuu ya mama, tumbo ni kipande cha kikoi, na mapezi nimeyakata kwenye mabaki aliyonipa fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Inaniuma kila nikipita kwake jioni na kuona vipande vizuri vinafagiwa kwenda jaani.

Sikutaka kushona punda. Punda wanapita mlangoni mchana kutwa, na mwana wa dada yangu anawajua hata kwa sauti. Nguva ni habari nyingine. Wavuvi wa zamani walimjua vyema, ila siku hizi, hata kule Kiunga, kaskazini mwa Lamu, ambako bahari ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1979, kumuona ni bahati ya mtu. Huyu mtoto huenda akakua hadi uzeeni asimtie machoni. Basi nikasema, angalau amjue kwa mikono yake.

Na ukitaka kumshona mnyama, sharti ulijue umbo lake, la sivyo utashona mto wenye macho. Nguva si samaki. Huibuka juu kuvuta pumzi, na hunyonyesha. Chuchu zake ziko kwapani, nyuma ya mapezi. Mkia wa samaki husimama wima, wake umelala bapa, umetanuka kulia na kushoto na kuingia ndani katikati. Pua na mdomo vimeinama chini kwa sababu chakula chake kiko sakafuni mwa bahari: nyasi za baharini, ambazo huzing'oa pamoja na mizizi.

Mkia ndio ulionichukua muda, nami niliupa kwa moyo wote. Leso iliyofuliwa miaka mingi ni laini mno, nyuzi zake huchomoka ukingoni, kwa hiyo niliacha upana wa kidole nje ya mshono. Nikaweka nyuso mbili zitazamane, nikapiga bandi kwanza, kisha nikashona kwa mshono wa kurudi nyuma. Pale katikati panapoingia ndani nilichanja kwa ncha ya mkasi hadi karibu kabisa na uzi. Usipochanja, ukigeuza kitambaa kinavutana. Nikageuza kwa mpini wa mwiko. Korosho moja ya leso, lile pambo lililopinda kama korosho, ikaangukia ubavuni, mkunjo wake ukafuata mgongo wa nguva sawasawa. Jina la leso sikuligusa. Limekunjwa kabatini.

Ndani nimejaza sufi niliyoitoa kwenye mto wa zamani. Ilikuwa imeshikana mabonge, nikaichambua kwa vidole, mlango umefungwa, maana upepo mdogo tu na nyumba nzima inapiga chafya. Sufi ina sifa moja ninayoipenda: ni nyepesi na hainywi maji upesi, ndiyo maana zamani hata maboya ya kujiokolea baharini yalijazwa hiyo hiyo. Unaanzia mkiani, kidogo kidogo, unasukuma kwa mpini ule ule, na humjazi mpaka akakakamaa. Mnyama wa nguo akibonyea kidogo, mtoto humkumbatia.

Macho nimeyatia kwa uzi mweusi, mafundo madogo, maana ya nguva mwenyewe ni madogo. Vifungo sivitaki kwenye kitu cha mtoto. Hutafunwa, hukatika, vikaenda kooni. Masikio hana ya kuonekana nje, nami sikumwongezea ili apendeze.

Nilipompa mwana wa dada yangu, alimgeuza kwanza akamtazama tumboni. Nikamwonyesha pa kunyonyesha. Akanyamaza, akalipapasa kwapa lile kwa kidole, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, na mwanawe yuwapi?"

Nikamweleza kwamba nguva hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Ndiyo maana wakipungua hawarudi upesi. Alisikiliza, lakini swali lake halikuondoka.

Nimepima kipande cha leso kilichobaki. Kinatosha mgongo na mkia wa nguva mdogo, mradi nikate kwa mshazari. Kikoi kimekwisha, kesho nitapita Langoni kabla fundi hajashika ufagio.