Kauboi wa Roma

Jamani, sasa hivi nimemaliza kuirudia filamu ya kauboi The Good, the Bad and the Ugly (1966) ya mwongozaji Sergio Leone. Mzaliwa wa Roma, 1929, na baba yake naye alikuwa mwongozaji wa filamu.

Hiyo "Marekani" mnayoiona ni Hispania: Almería na Burgos.

Ila zile nyuso!
Jasho, vinyweleo, jicho linapepesa, limejaa skrini nzima.

Siri iko kwenye mkanda. Leone alipiga kwa Techniscope, mfumo wa kupiga filamu unaobana matumizi ya mkanda. Kwa kawaida picha moja ya mkanda wa milimita 35 huchukua matundu manne ya pembeni. Hapa inachukua mawili tu. Roli moja ya mkanda inadumu mara mbili. Na lenzi ni za kawaida, si zile za kubana picha, kwa hiyo kamera inasogea mpaka puani bila uso kupindapinda.

Ubaya wake? Picha ni ndogo, ukiikuza kwa ukumbi wa sinema chengachenga zinatokea.

Sauti iliingizwa baadaye studio, ndiyo maana midomo na maneno vinapishana.

Halafu lile daraja linalolipuliwa kwenye filamu: kapteni wa jeshi alililipua kabla kamera hazijawashwa! Likajengwa upya, likalipuliwa tena.

Mimi bado naipa namba moja Once Upon a Time in America (1984). Wasambazaji wa Marekani waliikata kutoka dakika 229 hadi 139, wakaivuruga kabisa. Leone alifariki 1989 bila kuongoza nyingine.

Nyie mnachagua ipi?