Asubuhi kwato, jioni visu

Farasi wa huku kwetu Arusha fundi wao anaweza kuwajua wote kwa majina. Kuna wa mashamba ya Usa River, kuna wanaobeba watalii upande wa West Kilimanjaro wakipita katikati ya pundamilia na twiga, kuna wa polo, na wachache wa watu wanaopenda tu kupanda. Basi. Mbung'o, pamoja na visubi wanaoeneza maradhi ya farasi, hawakuiacha nchi hii iwe nchi ya farasi. Kwa hiyo nikimwambia mtu mimi ni fundi wa kwato, swali la pili halichelewi: "Sasa hiyo inakulisha, kaka?" Inanilisha nusu. Nusu nyingine inatoka kwenye visu, na vijana wanaonipigia simu huwa wanataka kujua nusu hizo mbili zinakaaje kwa mtu mmoja.

Moto niliuanza kabla ya farasi. Ujombani kwangu ni Mamba, Kilimanjaro, ambako wahunzi wa Kichaga wamefua mikuki, majembe na visu tangu enzi za mangi, machifu wa Kichaga, na Wamasai wa tambarare walikuwa wateja wao wakubwa. Mjomba alikuwa bado anatumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na kazi ya mtoto pale ni moja tu, kuvukuta. Unavukuta mpaka mabega yanawaka moto, macho yako kwenye chuma. Hakufundisha kwa maneno mengi. Akisema "Lete pumzi" naongeza, akinyamaza napunguza, na baadaye nikawa naijua rangi anayoitaka kabla hajafungua mdomo.

Farasi walikuja nilipopata kazi ya usaisi, yaani kuwatunza farasi, kwenye shamba moja. Fundi wa kwato alikuwa anatoka Nairobi kila baada ya wiki kadhaa, anawamaliza farasi wote, anaondoka. Kiatu kikidondoka katikati hapo, mnyama anakaa bandani hadi fundi arudi. Siku moja namshikia koleo, akaniuliza nimejifunzia wapi.

"Kwa mjomba, Mamba."

Akacheka. "Basi chuma unakijua, mdogo wangu. Sasa ujifunze mguu." Nikawa utingo wake.

Na kweli mguu ndio kazi. Ukwato hukua milimita sita hadi kumi kwa mwezi, kiatu hakikui nao, kwa hiyo farasi mwenye viatu hurudiwa kila wiki tano au sita hata kama chuma hakijalika. Unakunjua ncha za misumari, unang'oa kiatu, unasafisha unyayo kwa kisu, unakata ukuta uliozidi kwa koleo, unasawazisha kwa tupa. Halafu unarudi nyuma na kumtazama farasi alivyosimama. Hapo ndipo mafundi hutofautiana. Miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito, na ukiacha kisigino cha upande mmoja kirefu, maumivu yanapanda mpaka maungio ya juu. Farasi wetu wengi hawavai viatu nyuma, wengine hawavai kabisa, wanahitaji kukatwa tu. Wanaovaa ni kwa sababu ya kokoto za volkano za huku, zinazoula ukwato upesi kuliko unavyoota.

Msumari wa kwato umechongwa ncha upande mmoja ili ukiingia ujipinde kwenda nje. Ukiugeuza unaelekea kwenye nyama, na farasi atakujulisha. Sikio linasaidia sana: msumari uliomo kwenye ukuta mgumu hulia kwa sauti kavu, ukianza kupotea sauti inakuwa nzito. Unauchomoa hapo hapo, huongezi pigo. Ama kiatu cha moto kinapobandikwa na moshi ukafuka, wageni hushika midomo yao. Nawaambia waangalie masikio ya farasi. Ukuta wa ukwato hauna mishipa ya fahamu, ni kitu kile kile cha kucha zetu, ndiyo maana harufu ni ya nywele zilizoungua.

Watu hudhani kwa kuwa nyundo ni ile ile na fuawe ni lile lile, anayejua viatu amejua visu. Sivyo. Chuma cha kiatu ni laini, kaboni yake ni kama asilimia 0.2 tu, na kinatakiwa kiwe hivyo ili kifuate umbo la ukwato na kisivunjike kikigonga jiwe. Ukikitumbukiza majini kikiwa chekundu hakibadiliki cha maana, unakipoza tu na kuendelea na misumari. Chuma cha pua cha kisu kina kaboni asilimia 0.6 kwenda juu, na ndoo hiyo hiyo ya maji inaweza kukipasua. Kwangu ndoo inakaa upande wa kwato, debe la mafuta upande wa visu, na chakavu za pande hizo mbili hazichanganywi kamwe, maana vikishika kutu vipande vyote vinafanana.

Kuna wateja wanaopenda kisu kilichofuliwa kutoka kiatu cha farasi. Kinapendeza, hasa matundu ya misumari yakiachwa yaonekane kwenye mpini. Nawatengenezea, lakini nawaambia wazi kwamba hicho ni cha kufungulia barua. Anayetaka kukata nyama nampa cha springi ya gari.

Kilichonipangia ratiba ni mwanga. Asubuhi ni ya kwato: farasi wametulia, nzi hawajachachamaa. Tanuri dogo la gesi linakaa nyuma ya pikapu, na kiatu nakifua hata juani, kwa sababu chuma laini hakidai rangi kamili. Kikiwa cha manjano unapiga, kikishuka kuwa chekundu unanyoosha. Kisu hakitaki jua. Wekundu unaouona vizuri gizani, mchana huuoni kabisa, na ukiutafuta juani utakipasha chuma kupita kiasi bila kujua. Chembe zake za ndani zinakua, na unapata kisu kizuri cha macho kinachovunjika kikianguka sakafuni. Ndiyo maana navizamisha visu, yaani kuvipoza ghafla ili viwe vigumu, baada ya magharibi. Nina sumaku kwenye waya: karibu nyuzi 770 za Selsiasi chuma huacha kushikwa nayo, na kwa springi naendelea kidogo mpaka 830 hivi ndipo nazamisha.

Nazamisha kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi. Wenzangu wengi kule Unga Limited, hapa mjini Arusha, hutumia oili chafu ya injini, nayo inafanya kazi, ila moshi wake si wa kuvuta karibu na watoto. Mke wangu aliuzungumzia moshi huo mara moja tu, ikatosha.

Kisu kikitoka kwenye mafuta ni kigumu mno, tupa inateleza juu yake, kwa hiyo lazima kilegezwe. Nakiweka kwenye oveni ya jikoni, nyuzi 200, kwa muda wa saa mbili, kinapoa, kinarudi tena. Kinatoka na rangi ya manjano ya mabua. Mjomba hukilaza kisu mgongo wake ukigusa pande la chuma cha moto, anaangalia rangi ikitambaa kwenda kwenye makali, anakiwahi majini kabla haijafika zambarau. Kila nikimtazama naiona ile oveni yangu kuwa ni uvivu mtupu.

Sasa tupa. Tupa ya kwato ikishaishiwa meno, mafundi huitupa, nami nikazikusanya. Nyingi ni chuma cha pua kizuri, lakini za bei rahisi huwa ngumu kwa juu tu, ndani laini. Hivyo nakata kipande, nakipasha, nakizamisha, nakibana kwenye jiliwa na kukivunja. Kikivunjika kwa mlio, na ndani kikawa cha kijivu chenye chembe laini, tupa hiyo ni mali. Kikipinda, inarudi kwenye chakavu. Kabla ya kufua nasaga meno yote mpaka yaishe, kwa kuwa alama yoyote ya jino inaweza kuanzisha ufa siku ya mafuta.

Kutokana na tupa hizo nilianza kufua visu vya kwato vyenyewe, na hapo kazi zangu mbili zikashikana. Kisu cha kwato hunolewa upande mmoja, ncha yake imekunjwa, na hutengenezwa cha mkono wa kulia na cha kushoto. Vya kuagiza ni ghali, na kiangazi ukwato unapokauka unakula makali vibaya. Mimi naamka na kisu nilichofua jana, nakitumia kwenye mguu wa farasi, jioni nakirekebisha. Mkunjo wa ncha ukiwa mdogo sana huwezi kuunoa ndani, ukiwa mpana hauingii kwenye mifereji iliyo pembeni ya ile nyama ya pembetatu ya unyayo. Hakuna mchoro uliokuwa unaweza kunifundisha hilo. Mafundi wa Kenya wakaanza kuagiza, hasa wenye mkono wa kushoto, ambao madukani huwa wanasahauliwa.

Lakini soko halisi lilikuwa mlimani muda wote. Migombani kule Kilimanjaro na Meru ng'ombe wa maziwa hufugwa ndani, hatembei, hakanyagi mawe, kwato zinarefuka mpaka zinapinda na maziwa yanapungua. Wataalamu wa mifugo wanaozikata walikuwa wanatumia chochote, hata kisu cha jikoni. Farasi ni wachache, ng'ombe hawahesabiki. Leo visu vya kwato ninavyouza kwa watu wa ng'ombe ni vingi kuliko vya watu wa farasi, na vimepita vya watalii kabisa.

Sime ni habari nyingine. Nazifua kwa springi za Land Rover, zile zilizobadilishwa gereji zikiwa nzima, kwani iliyokwisha kuvunjika barabarani huwa na nyufa nyingine zisizoonekana. Mzee mmoja wa Kimasai alikuja kuchukua ya kijana wake. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba," akaipima kwa kidole, akaniuliza kama mimi ni wa Ilkunono, ule ukoo wao wa wahunzi. Zamani, akasema, mtu alipaka mafuta mkononi kabla ya kupokea silaha kutoka kwao. Nikamwambia mimi Mchaga wa Mamba. "Ee, Mangi," akasema, akaipokea bila mafuta na kuanza kupunguza bei.

Mwili nao una hesabu zake. Kushika mguu wa farasi umeinama kunaua kiuno, nyundo inaua bega, kwa hiyo siku ya farasi wengi sifui jioni, nafunga mipini tu au natafuta mbao. Mabaki ya mpingo nayapata kwa wachongaji. Mbao hiyo ina mafuta yake, gundi haishiki mpaka uifute kwanza kwa spiriti.

Oda iliyopo sasa ni ya mtaalamu wa mifugo wa Hai, visu vya kwato vya kushoto, na anataka mipini ya mpingo uliong'arishwa. Nimemwambia, daktari, mkono ukiwa na jasho na mavi ya ng'ombe mpingo huo utateleza, chukua mzeituni mwitu usiopigwa msasa laini. Anasema mpingo ndio unaopendeza. Bado tunabishana.