Benchi la mlangoni lililonivusha wakati wa mafua ya ndege

Siku mafua ya ndege yalipothibitishwa kilomita 6 kutoka bandani kwangu, nilikuwa na kuku wa mayai 160 na bata 9. Simu haikunyamaza hadi usiku, na kila aliyepiga alikuwa na dawa yake. Mmoja alitaka niwape kuku antibayotiki zilizobaki nyumbani. Mwingine aliapia kitunguu saumu na pilipili kwenye maji ya kunywa. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikasirisha kuliko wote, alinishauri niuze kuku wote usiku uleule kabla wakaguzi hawajafika. Ugonjwa huu ni wa virusi. Antibayotiki haigusi virusi, na kuku akishaambukizwa hana tiba. Anayeuza kuku usiku kutoka eneo la mlipuko anamhamishia mwenzake msiba.

Kuku niliwafungia ndani, bata nikawatenga mbali nao. Jirani alishangaa: bata wenyewe wazima, wananenepa, unawatenga wa nini? Ndiyo hatari yao. Bata anaweza kubeba kirusi bila kuonyesha dalili yoyote, huku kuku wakifa ghafla, mmoja baada ya mwingine. Ukoo wa H5N1 (aina ya kirusi cha mafua ya ndege) unaosumbua siku hizi ulitambuliwa kwa bata bukini huko Guangdong, China, mwaka 1996, na ndege wa majini wamekuwa wakiusafirisha tangu hapo, wakiuacha kwenye kinyesi chao popote watuapo. Kwa hiyo maji ya bwawa sikuyatumia tena. Madirisha niliyaziba kwa wavu ambao hata shomoro hapenyi, na paa la wavu la uani nikalifunika turubai, kwa sababu wavu humzuia ndege lakini kinyesi hupita.

Kosa langu lilikuwa mlangoni. Niliweka beseni la maji yenye klorini, nikawa nakanyaga humo kila ninapoingia, na moyo ukatulia kabisa. Siku ya tatu daktari wa mifugo alikuja, akasimama nje ya uzio, akaliangalia beseni kwa muda. Maji yalikuwa ya kahawia. Akaniuliza kama nimewahi kusugua soli za viatu kabla ya kukanyaga humo. Sijawahi. Akanieleza kuwa klorini ikikutana na tope na samadi huishia kupambana na uchafu huo, na virusi vinabaki salama chini ya soli. Kwenye kinyesi chenye unyevu na ubaridi vinaweza kuishi wiki kadhaa. Siku tatu nzima nilikuwa nalowesha tope tu, kisha naliingiza ndani.

Jioni ile nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikasaga chaki za rangi ya bluu, nikazimwaga nje kidogo ya mlango, nikafanya kazi zangu kama kawaida: kulisha, kuokota mayai, kumwaga maranda mapya. Baada ya saa mbili nikawasha tochi. Bluu ilikuwa njia nzima ya katikati. Ilikuwa kwenye ukingo wa vyombo vya chakula, kwenye mpini wa koleo, na chini ya trei niliyokuwa nimeiweka chini kwa dakika moja nje. Kuku wawili walikuwa nayo midomoni. Nilikaa juu ya ndoo nikaangalia, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kunieleza habari ya viatu.

Usiku uleule nikalaza benchi la mbao likaziba mlango wote kutoka nguzo hadi nguzo. Upande wa nje ni uchafu, upande wa ndani ni usafi. Unakaa juu ya benchi, unavua viatu vya nje, unazungusha miguu hewani bila kugusa sakafu, unavaa mabuti ambayo hayajawahi kutoka humo ndani. Kuna na koti la ndani, na sabuni ya kunawa mikono. Gharama yake haikufika hata mauzo ya mayai ya siku mbili. Nilirudia jaribio la chaki, safari hii kwa chaki nyekundu, na wekundu wote uliishia kwenye benchi. Nilifurahi kama niliyejenga nyumba. Trei za karatasi za wanunuzi nazo nilizikataa moja kwa moja, kwa kuwa trei ya jana ilikuwa kwenye banda la mtu mwingine. Nikanunua za plastiki, zinazosuguliwa kwa sabuni.

Jambo la pili lililonisaidia ni daftari la maji. Kuku 160 wangu hunywa lita 38 hivi kwa siku, na ndege anayeanza kuugua hupunguza kunywa na kula kabla hujaona kilemba kikigeuka bluu. Siku ya 11 niliandika lita 27. Mikono ilitetemeka. Nilimpigia daktari kwanza, nikavaa barakoa na glavu, ndipo nikaingia kuwakagua mmoja mmoja. Macho safi, vichwa havijavimba, mayai yana ganda gumu. Mwisho nikagundua chombo kimoja cha maji valvu yake imeng'ang'ania, na kuku wa kona ile walikuwa wamekaa na kiu tangu asubuhi. Daktari hakunilaumu kwa kumpigia. Alisema afadhali aitwe mara 10 bure.

Kufungiwa kuliwachosha, wakaanza kudonoana mikia. Niliwaning'inizia mafungu ya majani mabichi kwa kamba, juu kidogo ya vichwa vyao, wakawa wanarukia hayo badala ya wenzao.

Zuio la kuwatoa kuku nje lilipoondolewa sikuwa nimepoteza hata mmoja kwa ugonjwa. Nilipofungua mlango wa uani, kuku walisimama kizingitini kwa muda mrefu kabla ya wa kwanza kutoka. Benchi sijalitoa. Juzi fundi alikuja kurekebisha taa, akanyanyua mguu ili alivuke na viatu vyake. Nilimshika mkono, nikamketisha, nikaenda kumtafutia mabuti ya ndani yanayomtosha.