Siku niliyomtangazia shemeji mechi ya Michigan

Jumamosi ya Novemba 24, 2018. Nilikuwa nimehamia Columbus, Ohio mwaka huohuo, nakaa kwa dada na mume wake, na huu mpira wao wa Kimarekani, wa kushika na mikono, ulikuwa haunihusu hata kidogo, mi na Simba yangu basi. Shemeji yeye alishaharibika zamani. Alienda kule kusoma, akamaliza, akapata kazi, na hapo katikati Ohio State, timu ya chuo chake, ikamwingia kwenye damu mpaka mtu akipiga kelele "O-H!" barabarani yeye anaitikia "I-O!" hata kama ametoka msibani.

Wiki ya kucheza na chuo cha Michigan, mahasimu wao wakubwa, ndo kabisa. Pale chuoni herufi zote za M kwenye vibao zinapigwa X nyekundu, mi nkadhani ni wahuni kumbe ni mila, na shem jina la Michigan halitamki, anasema "wale wa kaskazini". Na mwaka ule walikuwa wanatisha kweli, namba 4 kwa vyuo vya Marekani nzima, sisi (tayari naanza kusema sisi) namba 10.

Tiketi bei yake usiulize. Ila kuna utaratibu pale uwanjani, vikundi kama makanisa vinapeleka watu kuuza vyakula kwenye vibanda, kikundi kinapata asilimia ya mauzo na nyie mnaouza hamlipwi kitu. Kwaya yetu ilikuwa inatafuta hela ya kinanda. Shem akajiandikisha wa kwanza, akaniandikisha na mimi bila kuniuliza, hesabu zake ni kwamba ataiona mechi bure.

Mechi ilikuwa inaanza saa sita mchana, tukaingia asubuhi mapema na baridi ile ya Novemba ambayo mtu wa Tanga haijui. Uwanja uko pembeni ya mto Olentangy, ulifunguliwa 1922, umejengwa umbo la kiatu cha farasi na unaingiza watu zaidi ya laki moja. Kwa Mkapa ni elfu 60 na tunaringa. Nilisimama pale nje nikiangalia zile kuta na trei za mikate mkononi mpaka nikaitwa.

Dada aliyekuwa anatusimamia, Mkenya wa Kisumu, hana masihara, akagawa kazi. Mimi kaunta. Shem nyuma, kwenye soseji. Sasa nyuma huko hakuna unachokiona zaidi ya ukuta na friji, wakati kaunta kulikuwa na tivi imetundikwa juu. Shem akaomba tubadilishane. Dada akamwambia, "Wewe mara ya mwisho tulikuweka mbele ukawapa wateja mgongo, unaangalia tivi. Rudi kwa soseji."

Basi nikawa mtangazaji. Mtu asiyejua chochote anamtangazia mtu anayejua kila kitu, na katikati nauza hotdogi.

"Shem nini hicho? Nini hicho?" Kelele za uwanjani zilikuwa zinatufikia kabla ya picha, tivi ilikuwa inachelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo kwanza zege lote linatetemeka, alafu ndo naona kilichotokea. Nikamwambia wamefunga. Nani? Namba 17. "Kumi na saba nani?" Mi ntajuaje, kadogo kembamba hivi, kalikimbia kakadaka kule mwisho. Shem akakaa kimya anafikiria, akasema "Olave? Yule mtoto? Yule si anacheza kwa sababu Austin Mack kaumia?" Haijapita muda zege likatetemeka tena. Namba 17 tena.

Wateja wenyewe wakawa wanaulizana huyu ni nani. Chris Olave, miaka 18, mwaka wake wa kwanza chuo, dogo wa California. Kazi yake ni risiva, yaani ule mtu anayesimama pembeni kabisa, mpira ukianza anakimbia njia aliyopangiwa na kwotabeki, yaani mrushaji wa timu, anamrushia, na mara nyingi harushiwi kitu, anakimbia tu ili beki amfuate. Siku ile kwotabeki alikuwa Dwayne Haskins, alirusha tachidauni sita, yaani pasi sita zilizozaa kufunga. Mungu amrehemu, aligongwa na lori Florida, Aprili 2022.

Alafu ikaja robo ya tatu. Michigan wamekwama, kwa hiyo wanaupiga mpira kwa mguu uende mbali, kitu cha kawaida kabisa, watu wanautumia muda huo kuja kununua soda. Foleni ilikuwa ndefu. Mara nikasikia mlio ambao hata sikuujua, kama laki moja ya watu wamekanyagwa vidole kwa pamoja, watu wote kwenye foleni wakatimua mbio kurudi ndani na hela zao mkononi. Nikainua macho kwenye tivi. "Shem! Wamepiga na mguu, yule 17 karuka, mpira umemgonga, mwenzake kaudaka anakimbia nao, kafunga!" Shem akatoka mbio na koleo la soseji mkononi. "Mpira umemgonga AU kauzuia?" Mi ntajua tofauti wapi. Dada wa Kisumu akapiga kelele soseji zinaungua, na kweli zilikuwa zinaungua, hakuna aliyerudi.

Ikaisha 62 kwa 39. Ohio State hawajawahi kuwafunga Michigan pointi nyingi namna ile.

Mi nilichobaki nacho ni yule dogo, nikaanza kumfuatilia. Kumbe sekondari alihama shule, sheria za uhamisho zikamkalisha nje msimu mzima, vyuo vikubwa havimjui. Kocha Ryan Day alienda shuleni kwao Mission Hills kumwangalia mtoto mwingine, kwotabeki, macho yakaangukia kwa anayedaka. Na kitu kilichonichekesha nilipokijua: siku ile mimi na Olave wote tulifanya kazi uwanja uleule na hakuna aliyelipwa. Yeye alikuwa na skolashipu, sawa, ada na chakula na pa kulala, ila kuuza jina lake kwenye tangazo la biashara ilikuwa marufuku mpaka Julai 2021. Uwanja wa laki moja, tivi taifa zima, na makocha wanalipwa mamilioni. Shem anasema skolashipu inatosha. Mi nasema wizi tu.

Desemba 2019 ile nusu fainali ya vyuo na Clemson, dakika ya mwisho, Olave alidhani kwotabeki Justin Fields ataanza kukimbia na mpira, akaiacha njia yake, mpira ukaruka ukatua kwa mtu wa Clemson. 29 kwa 23, nyumbani kwetu siku mbili hakuna aliyemwongelesha shem. Msimu uliofuata, New Orleans, Clemson haohao, akawafunga mbili. Akaondoka chuo na tachidauni 35 za kudaka, rekodi ya pale. Mechi ya mwisho kabisa, Rose Bowl, hakucheza, alishaona NFL, ligi ya kulipwa, inamsubiri, akautunza mwili. Shem hiyo hakuisamehe, anaiita usaliti. Mwili ni wake jamani, goti likikatika shem atamlisha? 2022 timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Saints wakamchukua namba 11, na wa 10 na wa 12 wote ni marisiva aliokuwa nao Ohio State. Na huko NFL kichwa kimeshagongwa mara kadhaa, 2024 alitolewa uwanjani Charlotte akiwa kwenye kigari, kwa hiyo kuhusu kuutunza mwili sibadilishi neno.

Ila usiku ule wa 2018 hatukuwa tunayajua hayo. Tumerudi tunanuka mafuta, miguu imevimba, nataka kulala, shem kumbe alirekodi mechi nzima. Akanikalisha. Saa tatu usiku tunaanza upya, tachidauni ya kwanza anarudisha, ya pili anarudisha, ananionyesha beki alivyodanganywa na bega. Tukafika robo ya tatu. Michigan wanajipanga kupiga, na safari hii nikaona vizuri, 17 anapita katikati yao kama hawapo, mikono mbele, anaufuata mguu wenyewe. Shem akasimamisha picha, akanigeukia.

"Imemgonga, eh? Imemgonga?"

Dada akatoka chumbani, akachukua rimoti, akazima.