Wiki ya sita na mtungi wa maji
Leo nimemaliza wiki ya sita ya mazoezi ya uzito hapa nyumbani, Kondele, Kisumu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11 alfajiri kabla joto halijapanda, naegemeza simu ukutani, nafungua video, naanza. Mwili mzima kwa dakika 40: kuchuchumaa, pushapu, kuvuta uzito kuelekea kiunoni, kuuinua juu ya kichwa.

Nina dambeli mbili za kilo 5. Miguu ilipozizoea nikachukua mtungi wa lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo naongeza lita mbilimbili. Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti, maana misuli isipoongezewa kazi haikui.

Wiki ya kwanza nilikimbizana na mwalimu wa video, mgongo ukaniuma siku tatu. Sasa nasimamisha video, natazama anavyonyoosha mgongo, ndipo nainua.

Jana nilipandisha maji hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika. Mama akaniuliza, "Kwani siku hizi unakula nini?" Nilifurahi mno!

Mwenye video nzuri ya mazoezi ya mabega anitumie, tafadhali.