Dawa ya Ijumaa

“Unatumia dawa yoyote?” nesi aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye kichupa alichokuwa akivuta chanjo. Nikamjibu hapana. Ilikuwa Jumanne, na dawa yangu mimi naimeza Ijumaa.

Ijumaa jioni, vidonge sita vya methotreksati, miligramu 2.5 kila kimoja. Jumapili namalizia na asidi ya foliki ili mdomo usinitoke vidonda. Siku zinazobaki sigusi kitu. Nilikuwa na mwaka wa tatu na baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inavigeuka viungo vyake yenyewe, na nilishaizoea hadi nikawa najihesabu mzima. Kwangu dawa ilikuwa kitu cha kutwa mara tatu.

Rafiki yangu alikuwa anaolewa, na nchi niliyokuwa naiendea ilitaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Zilibaki siku 14 kabla ya safari. Cheti huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo nilijiona nimewahi kabisa.

Aliyeniumbua ni kifungo. Nesi aliniambia nikunje mkono wa blauzi, nami nikaanza kuhangaika na kile kifungo cha kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi vidole vyangu huwa vizito kama vya mtu mwingine. Nesi alinisubiri, akanitazama, kisha akauweka ule mkono wangu kwenye kiganja chake na kubonyeza vifundo vilivyovimba.

“Dada, hivi vidole vinatibiwa na nini?”

Nilipotaja jina la dawa, aliiweka sindano kwenye trei. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alinieleza kwamba ndani ya chanjo ile mna kirusi hai, kilichodhoofishwa lakini hai, na mtu ambaye kinga yake imepunguzwa makali kwa dawa anaweza kushindwa kukidhibiti. Nilimkasirikia yeye, eti ameniharibia safari.

Alhamisi nilikuwa kwa daktari wangu, nikibembeleza. Akasema ingefaa niache methotreksati wiki 4 kabla ya chanjo hiyo na wiki 4 baada yake, na siku zenyewe sikuwa nazo. Barua ya kunisamehe chanjo angeweza kuniandikia. Mpakani pengine wangeikubali. “Ila barua haimfukuzi mbu anayeeneza homa hiyo,” akasema. Hapo nikajua siendi.

Nikamwambia basi, mimi na chanjo tumeachana. Alicheka, jambo lililoniudhi zaidi. Kumbe nilikuwa nimeelewa kinyume. Zisizo na kirusi hai ndizo watu kama mimi tunazihitaji kuliko wengine: ya mafua, ya nimonia, hata ile ya mkanda wa jeshi ya aina isiyo hai. Miaka mitatu nimesikia habari za ini, vipimo vya damu, pombe na mimba, lakini chanjo sikuwahi kuulizwa, wala mimi sikuuliza.

Akanichoma ya mafua palepale. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetulia kiasi, alitaka niruke Ijumaa mbili, kinga ipate nafasi ya kuipokea chanjo vizuri. Hizo nyingine, alisema, zikifika zamu yake sitahitaji kuacha vidonge.

Ijumaa ya kwanza sikuona tofauti. Baada ya ile ya pili, magoti yalinikumbusha kila ngazi niliyopanda, na vidole vikaanza kuvimba hata mchana. Ijumaa ya tatu nilimeza vyote sita kwa mkupuo mmoja, ingawa nilijua haviponyi kwa usiku mmoja.

Kesho yake ndiyo ilikuwa harusi. Niliitazama kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kikombe, maana kuishika nilishindwa.